Nilivyomchora mama bila kuuchora uso wake

Mama aliishi miezi 14 baada ya kupata kiharusi. Kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vikapooza, na maneno yakaondoka pamoja navyo. Kuelewa alielewa. Macho yake yalinifuata, na mkono wa kushoto ulinibana vidole kila nilipotaja jambo lililomgusa. Lakini katika miezi hiyo yote hakuniita jina langu hata mara moja.

Usiku ulikuwa zamu yangu. Dada alikuja kila mwisho wa wiki ili nipate kulala. Muuguzi alitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya kulalia: mkono wa kushoto unapita chini ya mabega, wa kulia nyuma ya magoti, unamvuta kifuani kwako, kisha unamwegemeza kwenye mto. Mara 12 kwa siku. Kazi hiyo ilinikaa mwilini kuliko nilivyodhani, kwa sababu hata baada ya kumzika niliendelea kuamka saa tisa usiku, nikajikuta nimekaa kitandani mikono imeshanyooka.

Nachora tangu utotoni. Nikaona njia ya kumlilia ni kumchora, nikatafuta picha aliyopigwa kabla ya ugonjwa, akiwa anacheka, nikaifanyia kazi kwa penseli wiki tatu. Kila aliyeitazama alisema, "Ni yeye kabisa." Ni kweli alikuwa yeye, na mimi sikuhisi chochote. Ulikuwa uso wa mtu mwenye afya, asiyehitaji kugeuzwa na yeyote. Nikachora ya pili, safari hii nikamwekea machozi shavuni. Ile ndiyo inayoniumiza mpaka leo nikiikumbuka, maana mama hakulia. Machozi yalikuwa ya kumwelekeza mtazamaji: hapa huzunika. Nikazikunja zote mbili nikaacha kuchora kwa miezi kadhaa.

Kilichonirudisha ni kitabu cha picha nilichoazima maktaba, ndani yake mna sanamu mbili za Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, akiwa na umri wa miaka 18. Mama huyo akaanza kumtengenezea kumbukumbu karibu mara moja. Wazo lake la kwanza lilikuwa kumlaza kijana mwenyewe, amenyooka, wazazi wakiwa kichwani na miguuni. Aliihangaikia miaka, ikamshinda, na mwaka 1919 akaiweka kando. Aliporudi kwenye kazi hiyo miaka ya 1920 alimwondoa mtoto. Wakabaki wazazi wawili wamepiga magoti, kila mmoja kwenye jiwe lake. Baba ameunyoosha mgongo na kujikumbatia kwa nguvu kana kwamba anajizuia asimeguke. Mama ameinama mbele. Nyuso zina sura ya Kollwitz na mumewe. Sanamu hizo ziliwekwa makaburini Ubelgiji mwaka 1932, karibu miaka 18 tangu kifo, na sasa zipo kwenye makaburi ya Vladslo, hukohuko Ubelgiji, lilipo kaburi la Peter.

Nilizitazama jioni nzima. Amemtafuta mwanawe miaka yote hiyo, na alipompata ikawa ni kwa kumtoa! Wazazi wale hawagusani. Nafasi iliyo kati yao ndiyo inayonikaba koo, na najua hakuna sura ya kijana, hata ingechongwa vizuri namna gani, ambayo ingeweza kunifanya hivyo.

Kwenye kitabu hichohicho mlikuwa na picha ya Edvard Munch, mchoraji wa Norway, ya msichana mgonjwa. Dada yake Sophie alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1877, akiwa na miaka 15. Munch alianza picha hiyo mwaka 1885, akapaka rangi, akaikwangua, akapaka tena, mpaka uso wa turubai ukabaki na makovu. Wakosoaji waliishambulia ilipoonyeshwa mwaka 1886, wakiiona haijakamilika. Yeye aliirudia kwa zaidi ya miaka 40. Zipo sita za rangi ya mafuta. Mwanamke aliyeketi kando ya mgonjwa ameinamisha kichwa, uso wake hauonekani kabisa. Pale mikono yao inapokutana hakuna hata kidole kinachotambulika, ni rangi tu iliyosongamana. Mtu aliyewahi kumshika mgonjwa mkono usiku kucha anajua kwamba hufika wakati hujui wako unaishia wapi.

Basi nikajiuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: mimi nakumbuka nini hasa? Jibu halikuwa uso. Nilikumbuka uzito wake. Nilikumbuka kidevu chake kikinichoma begani, joto la mgongo uliokuwa umelaliwa, na shuka alilokuwa akiling'ang'ania kwa mkono wa kushoto kila nilipomvuta, kwa sababu aliogopa kuanguka.

Penseli nikaiweka kando. Nikabandika ukutani karatasi kubwa yenye upana wa mikono yangu iliyonyooka, nikaipaka yote mkaa wa kuchorea mpaka ikawa nyeusi, kisha nikaanza kutoa mwanga kwa kifutio laini, kile kinachofinyangika kama udongo. Njia hii ina faida moja kubwa kwa mtu aliyefiwa. Huanzi na karatasi tupu inayokudai kitu. Unaanza na giza, na kila unapofuta, kuna kitu kinatokea: kwanza mgongo, halafu goti, halafu ukingo wa mto. Nilichora nimesimama, kwa bega zima, na mara nyingi niliacha kuchora nikafanya lile tendo lenyewe hewani, mkono chini ya mabega, mkono nyuma ya magoti, ili mwili unikumbushe kiwiko kilikaa wapi.

Uso wa mama uliangukia nyuma ya bega langu. Sikupanga. Ndivyo ilivyokuwa kila usiku, kwamba wakati nipo karibu naye kupita wakati wowote mwingine, sikuweza kumwona.

Siku ya nne nilirudi nyuma hatua kadhaa nikatazama, nikaogopa. Miili ile miwili ilionekana inapigana mieleka. Mmoja anavuta, mwingine anakataa, shuka limekazwa katikati. Nilitaka kulainisha. Nikachukua kifutio ili nimwinamishe yule anayevuta, aonekane mpole zaidi, mkono ukasita, kwa sababu nilijua picha ilikuwa inasema nini. Kuna usiku mmoja, mwezi wa kumi au wa kumi na moja wa ugonjwa, nilimvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimechoka, alikuwa amejikaza, na nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Yeye hakuwa na maneno ya kunijibu. Alinitazama tu, kisha akaachia shuka ili nimgeuze kwa urahisi.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo. Lakini mkaa ulikuwa umeshalisema, na nikaliacha lilivyo. Nilichobadilisha ni kitu kimoja: vidole vya mkono wake wa kushoto. Vilikuwa vimekaza shuka, nikavifuta, nikavichora vikiwa vinaanza kufunguka. Hapo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nilichokuwa nalilia nilikijua.

Nilimaliza baada ya wiki mbili hivi. Siku chache kabla sijaipulizia dawa ya kuushika mkaa usidondoke, nilimwita dada aje aione. Sikumweleza kitu. Alisimama mbele yake muda mrefu, miwani mkononi, akaivaa, akasogea karibu kabisa. Nilidhani atauliza uso wa mama uko wapi. Hakuuliza. Aliinua mikono yake mwenyewe, wa kushoto mbele, wa kulia chini kidogo, akaishikilia hapo hewani, akiangalia karatasi kisha mikono, karatasi kisha mikono.

"Mdogo wangu," akasema, "huu wa mabegani umeushusha mno. Ukimshika hapo kichwa chake kinaning'inia. Tulikuwa tunampandisha hadi hapa."

Alikuwa na haki. Nikampa kifutio.