Safari ya siku mbili, kwa saa ya maji

Jumatano usiku. Orodha ya dada yangu ina vitu 14. Nimeihesabu mara mbili nikidhani nimekosea: ngome, mnara wa taa, makumbusho mawili, mji wa kale, soko la samaki, mashua ya kwenda kisiwani, na bado inaendelea. Tunafika Ijumaa usiku, tunaondoka Jumapili. "Tukiamka mapema vyote vinaenea," ameniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga begi.

Sikubishana naye. Nilifungua jedwali la maji.

Nina kovu langu. Miaka michache iliyopita nilikwenda mji mwingine wa pwani nikiwa nimelipia mashua ya saa nne asubuhi. Nikaamka alfajiri, nikajipaka mafuta ya jua mpaka ndani ya masikio. Nilipofika ufukweni, bahari haikuwepo. Mashua zimelala ubavu kwenye matope, kamba za nanga zimelegea juu ya mchanga, na kaa wadogo wanakatiza chini ya ile ile niliyotakiwa kuipanda. Nahodha alikuwa kivulini anaziba tundu la tanga. "Maji yanarudi saa saba," akasema, bila hata kuinua uso. Saa saba mimi nilitakiwa niwe kwenye basi. Aliyeniuzia tiketi hakuona haja ya kunitajia jambo hilo, na hela yangu sikuiona tena.

Tangu siku ile, kabla ya kutafuta chumba, naangalia mwezi. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa kuwa mwezi nao huchelewa. Safari hii mwezi unaandama Alhamisi, kwa hiyo tunaangukia kwenye bamvu: maji yatajaa mpaka juu na yatakauka mpaka mbali. Tungesogeza mbele wiki moja tungekuta maji mafu, tofauti ndogo tu. Si kila mahali pana haja ya hesabu hizi. Sehemu kubwa ya Mediterania maji hayapandi hata nusu mita, ilhali Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti hufika mita 16. Saint-Malo, Ufaransa, watu huvuka kwa miguu kwenda kisiwa cha Grand Bé maji yakipwa, na anayezubaa huko hukaa saa kadhaa akiutazama mji ng'ambo.

Sasa hesabu yetu. Jumamosi maji yanakauka kabisa saa 4:20 asubuhi, yanajaa saa 10:30 jioni. Mtu angesema basi, mashua jioni. Lakini mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake inapanda, na upepo wa baharini unaingia kujaza nafasi. Alasiri ndipo unapokuwa na nguvu. Dada yangu hutapika hata kwenye kivuko. Kwa hiyo tuondoke saa moja kamili, maji yakiwa bado yanatosha kuelea na bahari imetulia, kisha tubaki kisiwani mpaka yarudi. Kurudi tutakuwa na upepo mgongoni, nadhani atavumilia. Tatizo ni kwamba mpango huo unakula Jumamosi nzima, na kwenye orodha umefuta vitu saba kwa mkupuo. Nilipomwambia akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kisiwani kuna choo. Nikajua amekubali.

Namba sita kwenye orodha yake ni "kuangalia jua likizama baharini". Mji wenyewe unatazama mashariki. Jua litazama nyuma yetu, juu ya mapaa na matangi ya maji. Hili nimempa taratibu, nikalibadilisha kuwa macheo, na macheo ya Jumapili yana faida ya pili: kwa mujibu wa ratiba ya bandari, asubuhi hiyo inatia nanga meli kubwa ya watalii. Meli za namna hiyo hushusha watu maelfu kwa mara moja, na wote hukimbilia vichochoro vile vile. Venice walichoka, mwaka 2021 wakazizuia zile kubwa kupita mbele ya mji. Sisi tutakuwa tumeshamaliza mji wa kale kabla ngazi ya meli haijateremshwa. Makumbusho nimechagua moja, lile dogo, kwa sababu moja tu: Jumapili linafunguliwa mapema.

Ngome imebaki. Nimeiandika kwa penseli, Jumapili saa tano, maji yakiwa chini, maana nataka kuitazama kutokea ufukweni, ule upande ambao adui alikuwa akiuona. Yeye anataka kuingia ndani na kupiga picha juu ya mizinga. Tukifanya vyote viwili, basi la saa nane linatuacha. Lipo jingine la saa kumi na moja, linafika usiku wa manane, na Jumatatu ana kazi. Tiketi ya kurudi hatujakata.