Siku moja na mishono ya treni

Saa 11:40 alfajiri. Nimeshavaa ovaroli na buti za chuma. Zamu inaanza saa 12 kamili, na Wajerumani kwenye saa hawana mzaha. Mimi ni mkaguzi wa mishono ya kuchomelea katika kiwanda cha mabehewa ya abiria. Ufundi wenyewe niliuanzia Mombasa, kwenye mageti na grili za madirisha.

Saa 12:15. Kwanza vyeti. Kila fundi anapimwa kwa kiwango cha ISO 9606, na kila miezi 6 lazima athibitishwe kwamba bado anaifanya kazi hiyo. Aliyefaulu mshono wa kona tu haruhusiwi kuunganisha sahani ncha kwa ncha. Leo nimemhamisha kijana mmoja kwa sababu hiyo. Amenuna.

Saa 2. Fremu inayoshikilia ekseli na magurudumu chini ya behewa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Treni haivunji chuma kwa uzito wa siku moja. Inakichosha kwa mitikisiko inayorudiwa mamilioni ya mara, na ufa hupenda kuanzia kwenye kasoro ndogo, kama kijitaro kilicholika ukingoni mwa mshono. Kiwango cha EN 15085 kinagawa mishono kuanzia A hadi D, kwa kuangalia mkazo inaobeba na madhara yake ikikatika. D natazama kwa macho tu. A inakaguliwa yote, juu na ndani. Napuliza rangi nyeupe, naweka sumaku, namwagia wino wenye unga wa chuma. Kama kuna ufa, unga unajipanga juu yake, mstari mweusi unajitokeza. Kisha kipimo cha mawimbi ya sauti, kwa sababu mshono unaweza kung'aa kama mkufu wa bi harusi huku ndani chuma hakijashikana.

Saa 4. Chai, mkate, dakika 15.

Saa 4:30. Fundi anaingia kwenye boksi la alumini. Argoni, gesi inayokinga mshono wakati wa kuchomelea, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, hutuama chini ikifukuza oksijeni. Kipimo cha oksijeni kisome karibu 21%, feni ivute, na mtu abaki mlangoni. Moshi nao si wa kuzoea: mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Nyumbani tulikuwa tunakunywa maziwa "kusafisha kifua". Jamani, maziwa yanaenda tumboni.

Saa 6:50 mchana. Mshono mmoja wa A umekataa: mizizi, yaani sehemu ya chini kabisa ya mshono, haijayeyuka vizuri. Meneja wa uzalishaji anataka fremu iende rangini leo. Namwonyesha skrini. Utakatwa kwa grenda, utachomelewa upya kwa utaratibu ulioandikwa, kisha utakaguliwa wote tena.

Saa 8. Kadi nyekundu ya kuizuia iko kwenye fremu, na mkaguzi wa zamu ya jioni ameshasaini kuipokea.