Nyumba ya Kasisi Kijijini Alfriston

Niliposhuka kituo cha treni cha Berwick, kusini mwa Uingereza, nilikwenda kwa miguu hadi Alfriston, kijiji kidogo cha Sussex kando ya mto Cuckmere, kwa nia ya kuiona nyumba moja tu. Alfriston Clergy House imesimama karibu na kanisa la Mtakatifu Andrea kwa zaidi ya miaka 600. Mwaka 1896 ilikuwa jengo la kwanza kununuliwa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi lililoundwa mwaka uliotangulia. Bei yake ilikuwa pauni 10, kwa kuwa nyumba ilikuwa imechakaa mno, na ukarabati uligharimu mara nyingi zaidi ya hapo.

Kwa nje, macho huvutwa na paa refu lenye mwinamo mkali, lililoezekwa kwa nyasi nene. Chini yake ni miti ya mwaloni: ncha ya boriti iliingizwa katika tundu lililochongwa kwenye nguzo, ikakazwa kwa kigingi cha mti, kisha nafasi zilizobaki zikajazwa fito na kukandikwa udongo. Aliyekulia pwani yetu ataitambua kazi hiyo mara moja, ingawa hapa miti imechongwa mraba na viungo vyake ni vya seremala hodari.

Mimi nilikaa zaidi ukumbini. Hauna dari, hivyo ukiinua macho unayaona makombamoyo hadi kileleni, na sababu yake ni moto. Katika nyumba za aina hii, zilizoenea sana Kent na Sussex, moto uliwashwa katikati ya sakafu bila dohani, moshi ukapanda na kupenya paani. Kwa hiyo vyumba vya juu viliwekwa kwenye ncha mbili za nyumba tu, vikitokeza mbele kuliko ukuta wa ukumbi. Kwa kuwa paa ni moja, ukingo wake mbele ya ukumbi hubaki ukining'inia, nao hushikiliwa na mihimili iliyopinda. Umbo lote la nyumba, basi, limeamuliwa na moshi.

Sakafu ya ukumbi huo ni ya chaki ya vilima vya jirani, iliyopondwa, ikashindiliwa, kisha ikapakwa maziwa yaliyochacha ili ishikamane. Nimeona sakafu za marumaru katika majumba makubwa, lakini hakuna iliyonipendeza kama hii.