Leo nimekwama kwa Luis de Torres

Marafiki, mnajua nahangaika na ile riwaya yangu ya Uhispania ya 1492.

Tarehe 31 Machi mwaka huo mfalme na malkia walitoa amri: Wayahudi wabatizwe, au wawe wameondoka Julai ikiisha. Dhahabu, fedha na sarafu, marufuku kutoka nazo.

Tarehe 3 Agosti baharia Columbus akang'oa nanga bandari ya Palos. Siku tatu tu baada ya muda wa Wayahudi kwisha!

Leo nilikuwa kwenye sura ya mkalimani wake, Luis de Torres, aliyekuwa Myahudi kabla ya kubatizwa. Alijua Kiebrania na Kiarabu, na Columbus alidhani anakwenda Asia, ambako lugha hizo zingemfaa.

Novemba 2, akatumwa ndani ya Kuba kuzungumza na watu wasiowahi kusikia lugha hizo.

Hapo moyo ulinisimama. Lugha ya baba zake, iliyokuwa hatari nyumbani, ndiyo iliyompandisha melini.

Neno lake la kwanza kwa wenyeji nimeliandika na kulifuta tangu asubuhi. Mwishowe nimemwacha kimya, jasho likimtiririka, kiganja kifuani.

Ninyi mngempa maneno gani?