Mpira wa maji ya kunywa botini: nilivyoupanga wangu

Boti yetu ilikuja na mpira wa kijani wa kumwagilia bustani, umeviringishwa kwenye kabati la nyuma pamoja na kamba. Ndio uliokuwa ukijazia tangi tangu enzi za mwenye boti wa kwanza. Maji yake yalikuwa na ladha ya plastiki, ile inayong'ang'ania ulimi hata ukiyachemshia chai, na kila aliyeyaonja alilaumu tangi. Kulifungua tangi letu ni kung'oa nusu ya sakafu, kwa hiyo nilitaka uhakika kwanza.

Nikachukua bilauri nne. Ya kwanza niliikinga kwenye bomba la gatini bila mpira. Ya pili nikaikinga kwenye ncha ya mpira, maji ya mwanzo kabisa, yale yaliyolala ndani yake juani. Ya tatu ilitoka kwenye mpira huohuo baada ya maji kukimbia dakika kadhaa, na ya nne kwenye bomba la jikoni botini. Nikazifunika na kuziacha kivulini mpaka zikawa na joto moja, maana maji ya moto hutoa harufu kuliko ya baridi na ningeweza kudanganyika. Ya bomba la gatini haikuwa na neno. Ya pili ilinuka kabla haijafika mdomoni, nikaimwaga. Ya tatu ilibaki na harufu hafifu, na ya nne ilikuwa pacha wake. Kwa hiyo ladha ilikuwa ikiingia na mpira, na tangi lilikuwa likipokea tu kile linacholetewa.

Sababu yake inaeleweka. Plastiki ya PVC ni ngumu kwa asili, na ili mpira ukunjike huchanganywa na kemikali za kuulainisha. Mpira wa bustani haukutengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa hiyo kemikali hizo huvuja polepole ndani ya maji, na jua huharakisha kazi hiyo. Viungo vyake vya shaba navyo huenda vikawa na madini ya risasi. Mipira mingi ya aina hii huandikwa wazi kwenye karatasi yake kwamba maji yake si ya kunywa, lakini karatasi hutupwa siku ya kwanza.

Nilipokwenda kununua mwingine sikufuata rangi. Ni kweli mingi ya maji ya kunywa ni myeupe au ya buluu, ila rangi si cheti. Nilitafuta alama ya uthibitisho wa maji ya kunywa iliyochapwa kwenye mpira wenyewe: NSF/ANSI 61 kwa viwango vya Marekani, WRAS kwa Uingereza, KTW kwa Ujerumani. Muuzaji akikwambia ni salama na mpira wenyewe hauna alama yoyote, urudishe kwenye rafu.

Kuhusu unene, wa nusu inchi unatosha boti ndogo, lakini ukiwa mrefu msuguano wa ndani hula presha na utasimama gatini muda mrefu. Wa inchi robo tatu hupitisha maji vizuri zaidi, ila ni mzito na unameza nafasi kabatini. Nilichagua wa kati, wa inchi 5/8, wa vipande viwili vya mita 15 badala ya kimoja cha mita 30. Mara nyingi kipande kimoja kinafika, na cha pili hakiguswi mpaka kihitajike. Ile mipira bapa inayojikunja kwenye kigurudumu inapendeza kwa udogo wake, lakini lazima uifungue yote ndipo maji yapite, hata kama bomba liko hatua tatu. Inayojivuta na kurefuka siitaki kabisa kwa maji ya kunywa. Ndani yake kuna mrija mwembamba unaopasuka mapema.

Viungo vina kero yake kwa anayesafiri. Uzi wa kiungo, yaani mikato ya kukifungia kwa kuzungusha, wa inchi robo tatu wa Marekani una mizunguko 11.5 kwa inchi, na ule unaotumika Ulaya una 14, hivyo vinaonekana sawa machoni lakini haviingiliani. Ukilazimisha unaharibu uzi. Nina kikopo chenye viungo vya kubadilishia na washa za akiba (vile vipete laini vya kuzuia uvujaji), kwa sababu uvujaji mwingi bombani ni washa iliyokauka. Jambo jingine la kuangalia ni kiungo cha aluminiamu kwenye bomba la shaba: chumvi ya baharini huvigandanisha mpaka uite spana, na mara nyingine msumeno.

Kujaza kwenyewe kuna utaratibu. Mpira wa nusu inchi wenye mita 15 hubeba takriban lita 2 za maji yaliyolala. Wangu ni mnene kidogo, unabeba zaidi. Hayo hayaingii tangini. Nafuta mdomo wa bomba, naunga, naacha maji yakimbie mpaka yawe baridi kama yanavyotoka ardhini, nayatumia kusuuza sitaha. Ndipo nausoma mfuniko, kila mara, kwa sauti: MAJI. Matundu ya dizeli, maji na choo hukaa jirani na mifuniko yake hufanana. Kisha napima mwendo kwa ndoo: ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 40, tangi la lita 300 litachukua dakika 20, na sitalazimika kubahatisha. Bomba silifungui lote, kwa kuwa hewa ya tangi hutokea kwenye kijibomba chembamba na maji yakiingia kwa kasi kuliko inavyotoka, tangi linavimba.

Ncha ya mpira haigusi maji ya bandari hata mara moja. Nahodha mmoja wa makamo, jirani yetu wa gatini, alinionyesha kwa nini. "Angalia, ndugu yangu," alisema, "presha ikikatika huko juu, mpira unanyonya. Ukiwa umeuacha unaning'inia majini, bomba la wote linakunywa bandari." Tangu hapo nafunga kwenye bomba valvu ya kuzuia maji kurudi. Mpira wa kuoshea boti ni mwingine, wa choo ni mwingine tena, una utepe mwekundu ncha zote mbili na unakaa kabati jingine.

Nikimaliza, namwaga maji yote kwa kuuinua mpira hatua kwa hatua, kisha naunganisha ncha zake mbili ili vumbi na wadudu wasiingie. Unakaa kivulini.

Baada ya kubadilisha mpira, tangi nililiosha kwa dawa ya klorini isiyo na manukato: mililita 1 ya dawa ya asilimia 5 kwa kila lita ya maji, ambayo ni miligramu 50 za klorini kwa lita. Nilifungua kila bomba botini mpaka harufu itoke, nikaacha usiku kucha, nikamwaga na kusuuza mpaka harufu ikaisha. Chujio la mkaa nimeliweka jikoni, mwisho wa safari ya maji. Likikaa kwenye mpira huondoa klorini kabla maji hayajaingia tangini, na maji yasiyo na klorini hayakai muda mrefu bila kuota ukoga.

Kuna boti zenye tundu la kuunga maji ya gatini moja kwa moja kwenye mabomba ya ndani, bila kupitia tangi. Ni raha, na ni hatari kuliko yote niliyoyataja. Tangi likivuja, linamwaga kilichomo, basi. Kiungo cha ndani kikichomoka wakati umeungwa na gati, maji hayana mwisho. Pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ya boti, huchoka, betri huisha, na boti huzama ikiwa imefungwa salama kwa kamba zake zote. Nimeweka kidhibiti presha kisichozidi bar 3 upande wa bomba, ili mpira nao upate kinga. Lakini kidhibiti hakizuii uvujaji. Kwa hiyo mtu wa mwisho kushuka botini, hata kama anakwenda kuoga tu, anafunga bomba la gatini na kuchomoa mpira.