Titi la kushoto bado halijashuka

Mnaoniuliza kama nimeharibiwa kwenye upasuaji wa kuongeza matiti: hapana. Ukishawekewa vifuko vya silikoni ndani ya matiti, mwanzoni matiti hukaa juu, magumu, kama yamebandikwa kifuani. Uvimbe ukipungua na misuli ikilegea, yanashuka taratibu, mara nyingi miezi 3 hadi 6, na moja laweza kutangulia. Langu la kulia limeshatulia. La kushoto bado, na nikivaa dera linaonekana. Inaniuma, sifichi.

Ila kinachoninyima usingizi ni kovu. Sisi wenye ngozi nyeusi, keloidi (makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe) haziko mbali nasi, na kwa joto hili la Dar jasho linatuama palepale kwenye mshono. Nikitoka Kariakoo hadi kufika Sinza, sidiria ya kubana imelowa chapachapa. Naivua, naosha, nakausha kwa kitambaa safi bila kusugua, halafu nabandika plasta ya silikoni ya kulainisha kovu, maana kidonda kimeshafunga kabisa. Mstari ni mwembamba, umeiva rangi ya zambarau. Kovu hubadilika kwa mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo bado nina matumaini nalo.

Shoga yangu, titi likipata moto, likivimba ghafla upande mmoja, au homa ikipanda, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.