Kabla hujailaumu sheli, fungua mfuniko wa tenki

Malalamiko ninayoyasikia sana kijiweni kwangu hapa Mombo, inapoanzia barabara ya kupanda Lushoto, ni haya: "Fundi, nikiweka mafuta ya elfu tatu inapanda mpaka Lushoto bila shida. Nikijaza tenki, hata Soni sifiki, imeshazima." Na anayesema hivyo huwa tayari ana jibu lake: sheli imemuuzia mafuta yaliyochakachuliwa.

Sisemi uchakachuaji haujawahi kuwepo. Ulikuwa umeenea, mpaka EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji hapa Tanzania, ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambua mafuta halali. Lakini petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haichagui siku ya tenki kujaa. Ni mbaya ikiwa chupa moja, ni mbaya ikiwa tenki zima. Pikipiki inayosumbua ikishiba na kutulia ikiwa na njaa ina ugonjwa mwingine, na mara nyingi ugonjwa wenyewe uko juu kabisa, pale unapopashika kila unapoweka mafuta.

Pikipiki nyingi za bodaboda zenye kabureta hazina pampu ya mafuta. Petroli inashuka kwa uzito wake tu: tenki, koki ya kufungia mafuta chini yake, mpira, kisha kabureta inayoyachanganya na hewa. Kadiri inavyoshuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake, na inaingilia kwenye kitundu cha mfuniko. Kitundu kikiziba, tenki linaanza kuyavuta mafuta lisiyaachie. Ukiwa na lita moja tu, juu yake kuna hewa tele, nayo inatanuka taratibu. Unaweza kumaliza safari usijue kitu. Tenki likijaa, hewa iliyobaki ni kidogo sana, kwa hiyo mafuta yakipungua kidogo tu mvuto unakuwa mkali. Kabureta inakauka, mashine inakohoa, inazima. Unasimama, unamteremsha abiria, unavuta pumzi. Hewa nayo inajipenyeza polepole. Unapiga kiki, inawaka. Dereva anasema mashine ilikuwa imechemka. Haikuchemka.

Kijana mmoja anayebeba abiria wa Soni alinijia na kabureta mpya kwenye boksi.

"Shikamoo fundi. Naomba unifungie hii."

"Marahaba. Ya zamani ina nini?"

"Inazima mlimani. Nimeambiwa imekufa."

Nikamwambia aweke boksi chini, ajaze tenki, apande, na ikizima asiguse kitu chochote: afungue mfuniko tu, asikilize. Akarudi anacheka. Alipofungua ilipiga "psss", akafunga, ikawaka hapohapo. Kipimo hicho hakina gharama, na kinatosha. Ukifungua usisikie kitu, na ikiwaka isidumu, basi hapo tuzungumzie koki, chujio au kabureta.

Tulipoukagua mfuniko wake tukakuta kipande cha nailoni kimekunjwa vizuri chini ya mpira. Alikiweka mwenyewe wakati wa masika, mvua isiingie. Juu yake kulikuwa na kava la tenki, lile la ngozi bandia lenye shanga, limefunika mpaka kitasa, na vumbi la barabarani limegandia pale kama saruji. Hiyo nailoni ninaikuta kila masika. Wengine wanaweka kipande cha tyubu, na mmoja alipaka gundi ya silikoni, ambayo ikikutana na petroli inavimba na kumeguka, vipande vyake vinaishia kwenye koki.

Hofu ya mvua ninaielewa. Maji ni mazito kuliko petroli, yakiingia yanakaa chini kabisa, palepale koki inapochotea, na tenki linaanza kuota kutu kwa ndani. Ila dawa yake si kuziba. Mifuniko ya kulala, ile inayofunguka kwa bawaba, huwa na mfereji kuuzunguka mdomo wa tenki, na ndani ya mfereji kuna tundu la kutolea maji. Tundu hilo linaunganishwa na mpira mwembamba unaoteremka mpaka chini karibu na injini. Huo mpira ndio unaotakiwa kuwa wazi. Ukijaa matope, mvua inatuama kwenye mfereji mpaka ipate njia ya kuingia kwenye mafuta. Ziba mdomo wa tenki kwa kitambaa safi, mimina maji kidogo mferejini, angalia kama yanatoka chini. Yasipotoka, vua mpira upulize. Usipulizie upepo wa kujazia matairi huku mpira ukiwa umeungwa kwenye tenki.

Mfuniko wenyewe unasafishwa hivi. Fungua skrubu ndogo za upande wa chini, polepole, kwa sababu baadhi ya mifuniko ina springi na kigololi, na vikiruka kwenye vumbi utavitafuta mpaka magharibi. Kigololi hicho kipo ili pikipiki ikianguka mafuta yasimwagike. Usikitupe kwa kuona ni kidogo. Osha kwa petroli safi, mbali na moto na sigara, puliza, kisha hakikisha kitundu kinapitisha. Kikigoma, tumia uzi mmoja wa waya wa klachi. Msumari hapana, utakipanua. Mpira uliopasuka au uliokakamaa ubadilishe. Na girisi kwenye kitasa inakusanya vumbi tu.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ndio unaonitisha zaidi: kufurika. "Jaza mpaka juu," mteja anamwambia wa sheli, mpaka petroli inacheza mdomoni. Petroli hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tenki la lita 11 likipata joto la nyuzi 20 zaidi, mafuta yanaongezeka kama robo lita hivi, kasoro kidogo. Ukiegesha juani pale stendi, robo hiyo itatafuta pa kwenda: itapita kwenye mfuniko au kwenye ule mpira, ikidondokea karibu na injini na ekzosi. Acha kujaza mafuta yanapofika chini ya shingo ya tenki. Na kama kitundu kimeziba, joto lilelile linayasukuma mafuta kwenye kabureta kwa nguvu, yanaweza kuishinda sindano ya floti, lile boya linalofunga mafuta kabureta ikijaa, yakapita mpaka ndani ya injini. Hapo ndipo oili inaanza kunuka petroli na mtu anaambiwa pistoni imekwisha.

Ukiona petroli inadondoka chini, funga koki kwanza. Ikikatika, kosa lipo chini ya koki: mpira wa mafuta au kabureta, mara nyingi floti au uchafu kwenye sindano. Ikiendelea, fuata ule mpira wa kutolea maji au koki yenyewe.

Siku hizi zinakuja pikipiki zisizo na kabureta, zenye pampu ndani ya tenki. Hizo mfuniko ukiziba hazilalamiki mapema, pampu inalazimisha. Nyingine zina kopo la mkaa la kunasa mvuke wa mafuta. Ukijaza kupita shingo, petroli inaingia humo na mkaa unaharibika. Kijana wa Soni anataka kununua moja ya namna hiyo. Kabureta yake mpya bado iko kwenye boksi, anaiuza, anayeihitaji aje kijiweni tuongee.